Waya wa Spika na Barabara ya Mbeya

Miaka ya tisini kwaya za Iringa zikialikwa Mbeya, vyombo vilipakiwa kwenye roli, wanakwaya wakakaa juu yake. Kutwa nzima roli linatetemeka, Mafinga, Makambako, Chimala, na skrubu za nyuma ya spika zinalegea zenyewe. Tukifika Uyole, mlangoni mwa Mbeya, kabla hata ya chai, fundi mitambo anaulizia bisibisi.

Spika za wakati huo zilikuwa na skrubu mbili, nyekundu na nyeusi. Ulimenya waya (kwa meno, nani alikuwa na koleo?), ukasokota nyuzi za shaba, ukazungushia, ukakaza. Wajanja walichovya ncha kwenye risasi ya kuchomelea ili iwe ngumu. Ujanja ule ndio uliotuponza zaidi. Risasi ni laini. Ikibanwa na skrubu husogea taratibu, na baada ya siku kadhaa hakuna kinachobanwa tena. Besi ikipiga kwa nguvu spika inakoroma, inakata, inarudi. Uzi mmoja ukigusa upande wa pili, shoti, na amplifaya ndiyo imekwenda.

Zikaja jeki za milimita 6.35. Kuchomeka ni sekunde moja, lakini mtoto akikanyaga waya, kwaya inabaki na midomo tu. Tena jeki inapochomoka inaweza kugusanisha njia mbili kabla haijatoka. Na kwa kuwa inafanana na ya gitaa, kila mara yupo aliyeunga spika kwa waya mwembamba wa gitaa, ukapata moto.

Plagi ya Speakon, iliyotolewa na kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein mwaka 1987, ilitufikia kwa kuchelewa. Unachomeka, unazungusha kulia, inalia “ka!”, na haitoki mpaka uvute kitufe chake nyuma. Siku hizi hakuna anayeulizia bisibisi Uyole.

Hata hivyo bado naona waya ukining'inia toka juu ya stendi, uzito wote umeachiwa plagi. Mzee mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, hakuunga spika yoyote kabla ya kuufunga waya kwenye mpini wa spika hiyo, akiacha kipande kilegee kuelekea plagi. Ukivutwa, unavuta mpini. Kwa hiyo, ndugu fundi, nunua Speakon, na uwe mwangalifu na za bandia ambazo kitufe chake hukatika upesi. Lakini ufunge waya kwanza.