Gunia Langu la Sadaka

Mimi ni bwana shamba. Nina umri wa miaka 46. Nina cheti cha kilimo, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Ninaishi kijijini, mkoani Dodoma, pamoja na mke wangu na watoto wetu. Leo sitaeleza habari za mbolea wala nafasi ya kupandia. Nataka kueleza habari ya gunia moja la mahindi. Ni habari ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Kanisani kwetu tunayo Sikukuu ya Mavuno. Kila mtu huleta sehemu ya alichovuna. Huyu huleta mtama, yule huleta karanga, mwingine kuku au mayai. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Fedha zinazopatikana hutumika kwa kazi za kanisa. Mwaka jana niliahidi gunia moja la mahindi, yaani debe 6. Mzee wa kanisa aliliandika jina langu katika daftari mbele ya watu. Sitaficha, nilifurahi kwamba watu walisikia.

Mahindi yalikuwa mazuri. Tuliyaanika juu ya turubai, tukayapukuchua, tukayapepeta. Kisha niliyapima kwa chumvi. Kipimo hiki nawaonyesha wakulima kila mwaka. Chukua chupa ya kioo, iwe safi na kavu. Tia chumvi kavu kidogo, kisha tia mahindi. Funga, halafu tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Isipoganda, unaweza kuyahifadhi. Mahindi yangu yalikuwa makavu kabisa.

Jioni ile nilitia mahindi ya sadaka katika gunia lake. Magunia mengine yalikuwa juu ya chaga, yaani jukwaa la miti ambalo huyainua yasiguse sakafu. Chaga ilikuwa imejaa, nami nilikuwa nimechoka. Kesho yake nilitakiwa kwenda kijiji cha jirani kufundisha. Basi nikaliweka gunia la sadaka sakafuni, kwenye kona, karibu na pipa la maji. Nikasema nikirudi nitalipandisha. Nilirudi, lakini sikulipandisha. Na somo nililokwenda kufundisha, ndugu msomaji, lilikuwa namna ya kuhifadhi mahindi.

Pipa lile lilikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Maji yalivuja kidogo kidogo, yakaingia chini ya gunia. Hatukuona kitu kwa wiki tatu. Ukilitazama kwa juu, gunia lilikuwa zuri.

Siku nne kabla ya sikukuu mke wangu aliingia ghalani kufagia. Akaniita, "Bwana shamba, njoo uone." Kwa kawaida haniiti hivyo. Nilipoliinua gunia, harufu ya uvundo ilitupiga puani. Mahindi ya chini yalikuwa yameota ukungu, mengine ya kijani, mengine meusi.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kuna ukungu unaotoa sumu katika mahindi na karanga. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Huwezi kuiona kwa macho wala kuionja kwa ulimi. Kuosha hakuiondoi, na kupika hakuimalizi. Huharibu ini. Mwaka 2016 watu waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na baadhi yao walikufa. Mahindi yenye ukungu usimpe hata ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu huweza kupita katika maziwa.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nimeyasema mbele ya mikutano mingi.

Lakini nilikumbuka daftari la mzee wa kanisa. Nilikumbuka pia kwamba mahindi mengine yalikuwa chakula cha nyumbani hadi mavuno mengine. Basi nikatupa yale yaliyooza kabisa, karibu debe moja. Yaliyobaki niliyamwaga yote juani, ya juu na ya chini pamoja. Niliyaanika siku mbili. Harufu ikaisha. Nikajazia debe moja la mahindi mazuri, nikashona gunia. Moyoni nilisema jua limeua ukungu. Mke wangu alinitazama nikishona. Akaniuliza, "Haya tungeyapika sisi?" Sikumjibu. Nilijifanya natafuta uzi.

Jumapili nilifunga gunia kwenye baiskeli nikaenda nalo. Watu walinisaidia kulishusha, wakanishukuru. Wakati wa ibada sikusikia mahubiri. Mawazo yangu yalikuwa kwenye gunia lile pale mbele.

Baada ya ibada mnada ulianza. Kwetu gunia halinadiwi zima. Hupimwa debe debe, ili hata mwenye fedha kidogo apate. Mzee wa kanisa akalifungua gunia langu, akaingiza mkono, akawaonyesha watu mahindi. Akasema kwa sauti kwamba haya ni mahindi ya bwana shamba mwenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuyakagua. Watu wakacheka kwa furaha. Wa kwanza kutaja bei alikuwa bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Alikuwa amefunga fedha zake katika pindo la khanga. Nilimwona akilifungua fundo.

Nikasimama. Nikasema, "Bibi, usiyanunue." Watu wote walinyamaza. Nikaeleza habari yote, ya chaga, ya pipa, ya ukungu na ya kuanika. Sikuwa na maneno mazuri. Jasho lilinitoka kama mtu anayelima saa saba mchana. Nilipomaliza, mzee wa kanisa alilifunga gunia polepole, akaliweka kando. Kisha akaendelea kunadi kuku.

Tangu siku ile nimeifikiri sana habari ya Anania na Safira katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 5. Niliwahi kuisoma mara nyingi. Nilidhani inahusu watu wanaopenda fedha. Lakini mtu hakuwalazimisha kutoa. Shamba lilikuwa lao. Wangeweza kuleta sehemu na kusema ni sehemu. Kosa lao lilikuwa kuleta sehemu na kutaka waonekane wameleta yote. Nami ningeweza kumwendea mzee wa kanisa na kumwambia kwamba mahindi yameharibika. Angefuta mstari mmoja katika daftari, basi. Ajali ya pipa haikuwa dhambi. Uvivu wa kutopandisha gunia ulikuwa kosa dogo. Dhambi niliifanya juani, kwa siku mbili, nikigeuza mahindi kwa mikono yangu.

Naona pia kwamba hata toba zangu nyingi zilikuwa za kuanika tu. Nikikosa, nilisubiri harufu iishe. Nilisali, nikaimba, nikafanya kazi kwa bidii zaidi, na watu wakanisifu. Lakini sikumwendea niliyemkosea. Sumu ilibaki ndani.

Kesho yake nilichimba shimo refu mbali na kisima, nikalifukia gunia lote. Kwa kuwa niliyachanganya nilipoyaanika, hata mahindi mazuri yalikwenda na mabaya. Hilo liliniuma. Mwinjilisti alisema sina deni tena. Mke wangu alisema tulikwisha kuahidi. Tukapeleka debe 2 kutoka katika chakula chetu. Miezi ya mwisho kabla ya mavuno tulikula mtama zaidi, na watoto walinung'unika kidogo.

Nilidhani wakulima hawatanisikiliza tena. Wiki iliyofuata yule bibi alikuja nyumbani. Alikuwa na mahindi yake katika kitambaa, na chupa mkononi. Akasema, "Mwanangu, chumvi ninayo. Nionyeshe." Tulikaa chini ya mwembe, tukatikisa chupa. Chumvi iliganda. Akarudi kwake kuyaanika upya, naye akanitaka niende nikalione ghala lake. Nilikwenda. Magunia yake yote mawili yalikuwa juu ya mawe na mbao, mbali na ukuta.

Mwaka huu nimepeleka debe 4 zilizobaki. Mzee wa kanisa aliingiza mkono hadi chini ya gunia, akanusa, ndipo akaandika.