Saa ya Kimya Kwenye Skrini

Ratiba ya televisheni ni waraka wa kisiasa. Tumezoea kuisoma kama orodha ya vipindi: taarifa ya habari, tamthilia, mpira. Lakini nyuma ya kila saa yuko mtu aliyeamua nani aone nini, na lini.

Tuitazame Uingereza ya mwaka 1955, dola iliyokuwa bado inaitawala Tanganyika. Saa za matangazo hazikupangwa na BBC peke yake. Serikali, kupitia waziri aliyesimamia posta, iliziwekea ukomo. Jioni, kati ya saa 12 na saa 1, skrini ilinyamaza ili wazazi wapate kuwalaza watoto. Usiku ulipoingia, wimbo wa taifa ulipigwa na siku ikafungwa. Saa ile ya kimya ilidumu hadi Februari 1957. Wenye kituo cha biashara cha ITV, kilichoanza Septemba 1955, waliilalamikia, maana saa tupu haiuzi kitu.

Kimya cha pili kilikuwa kizito zaidi. Jambo lililotarajiwa kujadiliwa bungeni ndani ya siku 14 halikuruhusiwa kujadiliwa redioni wala kwenye televisheni. Kanuni hiyo ilianza kama utaratibu wa BBC yenyewe. Mwaka 1955 serikali ikaifanya amri. Hoja yao ilikuwa kwamba mjadala wa taifa uanzie bungeni. Mwaka uliofuata ukazuka mgogoro wa Suez. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia vita, na chombo cha umma kikatakiwa kunyamaza. Kanuni ikaonekana kichekesho, na kabla mwaka 1956 haujaisha ikasitishwa.

Huku kwetu tulichelewa kuiona televisheni, lakini swali ni lile lile. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi. Bara, televisheni ilihesabiwa kuwa anasa katika nchi yenye mahitaji mengi, na tukasubiri hadi mwaka 1994. Sisi tuliokulia Utete tulilelewa na redio.

Televisheni ya kwanza niliyoitazama pale mjini, nikiwa mwanafunzi aliyerudi likizo, iliendeshwa kwa jenereta ya mfanyabiashara mmoja. Tuliketi uani kwake, wazee kwenye majamvi, vijana mchangani. Aliiwasha karibu na saa 2 usiku, taarifa ya habari ilipokuwa inaanza, akaizima petroli ilipopungua, wakati mwingine katikati ya sentensi. Hakuna aliyelalamika. Jenereta ilikuwa yake, na petroli yake.

Bunge si jenereta ya mtu. Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Gharama ni hoja halali. Kila mtumishi wa umma anayeandaa bajeti anaijua. Lakini petroli ile ilikuwa ya wananchi, na wao ndio walizimiwa. Muhtasari wa jioni haufidii kilichoondolewa, kwa kuwa muhtasari una mhariri, na mhariri ana mwajiri. Faida ya matangazo ya moja kwa moja haitokani na wingi wa watazamaji. Inatokana na ukweli kwamba yeyote angeweza kutazama, na mbunge anapozungumza analijua hilo.

Kwa watu wa Bonde la Rufiji, jambo hili linagusa chakula. Mkulima wa huku hupanda mlau katika udongo ulioachwa na maji yanapopungua. Mafuriko ya kiasi ni mbolea yake, na ya kupindukia ni msiba wake. Juu ya mto huo sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Mwezi Aprili 2024 maji yalipofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, mkulima alikuwa na haki ya kusikia, neno kwa neno, nani anauliza nini juu ya mto wake na nani anajibu vipi. Tutaambiwa simu zipo. Zipo, lakini bando hununuliwa, na aliyepoteza shamba hununua unga kwanza.

Sisemi Waingereza walikuwa waungwana kuliko sisi. Walikuwa wakitunyima kura huku wakijadili saa ya kulaza watoto wao. Ninachokichukua kwao ni kidogo: kimya chao kilikuwa na jina, na sababu iliyotamkwa hadharani, hivyo watu waliweza kukibishia hadi kikaondoka.

Basi, mwanafunzi wangu, unapoisoma ratiba, soma pia nafasi zilizo tupu. Nawe mtumishi wa umma utakayeletewa karatasi ya kupunguza saa fulani ya matangazo, uliza kabla ya kutia saini: petroli hii ni ya nani?