Pesa Iliyolipwa Ikakosa Mwenyewe



Katika mkutano wetu uliopita mama mmoja anayeuza maharagi aliniuliza: "Mwalimu, hizi karatasi za Leta tuzitunze mpaka lini? Panya wanazimaliza nyumbani." Wengi walicheka. Mimi nilikumbuka karatasi moja ndogo, pana kama kiganja, iliyookoa atelie ya mama mkubwa wangu kule Rutshuru mwaka 2021. Niliahidi kuwaandikia habari yake, na ni hii.

Mama mkubwa ni mshonaji. Atelie yake ilikuwa kando ya barabara ya kuelekea Kiwanja: mashine tatu, mbili za kukanyaga kwa miguu na moja ya umeme, maana tangu mtambo wa Matebe ulipofunguliwa mwisho wa 2015 Rutshuru tulianza kuona mwanga. Alifanya kazi na wamama wengine wawili, pamoja na msichana mmoja aliyezaa mapema akaacha masomo, akaja kujifunza kazi. Nguo za harusi walishona, lakini ugali wao ulitoka hasa kwenye iniforme, shati nyeupe na sketi au suruali ya bluu. Leta ilipotangaza masomo ya msingi bila malipo, kuanzia Septemba 2019, madarasa yetu yalijaa kupita kiasi, nami niliyekuwa mbele ya watoto hao naweza kushuhudia. Sisi walimu tuliteseka, wao wakapata wateja.

Sasa sikilizeni jambo la jina. Atelie ilifunguliwa zamani, na katika vitabu vya kodi iliandikwa kwa jina la mume wake, hata kama yeye baba mkubwa hakujua kupitisha uzi katika sindano. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Familia ya 1987 ilidai ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria ambayo mke alitaka kufanya. Sheria mpya ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyoondoa ruhusa hiyo. Lakini sheria ikibadilika huko Kinshasa, vitabu vya buro havijibadilishi vyenyewe. Baba mkubwa alifariki 2018, na namba ya kodi ikabaki ya marehemu. Mama mkubwa alikwenda kuuliza afanye nini. Wakamwambia: endelea kulipa kwa namba ile ile, ila kwenye bordero ya benki andika jina lako wewe unayelipa. Akafanya hivyo.

Alhamisi tarehe 20 Mei 2021 tulipanda gari pamoja mpaka Goma, mimi nikiwa na shughuli zangu za dosie ya ualimu. Alilipa benki, akapewa bordero yenye muhuri. Kesho yake, Ijumaa, tuliacha kopi kwenye ofisi ya kodi, wakatuambia turudi wiki ijayo kuchukua risiti. Jioni tulikuwa tumefika nyumbani.

Nadhani mnakumbuka wiki hiyo. Jumamosi tarehe 22 usiku Nyiragongo ilipasuka. Kutoka Rutshuru tuliona mbingu nyekundu upande wa Goma. Moto ulishuka mpaka Buhene, ukakata barabara ya taifa namba 2, ile ile tuliyopita jana yake. Tarehe 27, alfajiri, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru sehemu kubwa ya Goma wahame. Watu walikimbilia Sake, Rwanda, na wengine wakaja kwetu. Atelie ililaza familia moja ya watu tisa katikati ya vitambaa. Nani angekumbuka risiti ya kodi? Baadaye tulipouliza kwa simu, tuliambiwa kazi bado haijapangika, tungoje.

Mwezi wa nane alikuja kijana mmoja na barua. Ilisema atelie haijalipa kodi ya mwaka 2021, kwamba kwa kuchelewa kuna malipizi, na jumla ilikuwa karibu mara mbili ya ile tuliyolipa. Isipolipwa kwa siku kumi na tano, mlango utafungwa na kuwekwa mihuri.

Mnaelewa maana yake wamama? Masomo yalitangazwa kufunguliwa tarehe 4 Oktoba. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kununuliwa kwa mkopo wa AVEC, dola 300, pesa ya wenzetu walioweka kidogo kidogo kila Jumanne. Mlango ukifungwa mwezi wa tisa, iniforme zinabaki ndani na deni linabaki nje.

Yule kijana alikuwa mpole. Alimwita mama mkubwa pembeni, akamwambia: "Mama, mutoe nusu, tumalize hapa hapa, hakuna haja ya kusumbuka mpaka Goma." Sitataja ofisi yake. Ofisi zilizodai kwetu wakati ule zilikuwa nyingi, kulikuwa na DGI ya taifa, na DGRAD, na ile ya jimbo, na cheferi na soko, na mwenye kosa siku hiyo alikuwa mtu, na hata yeye sina hakika kama alitumwa.

Mama mkubwa alitaka kutoa. Wenzake pia walitaka. "Leta haishindwi," alisema yule mkubwa kati yao, na ukimsikiliza vizuri utaona hakuwa mjinga. Wazee wetu walilipa kodi ya kichwa tangu dekreti ya Wabelgiji ya 1910, na mwanamume mwenye wake wengi aliongezewa kodi kwa ajili yao, kana kwamba mke ni ng'ombe wa ziada. Hakuna aliyeulizwa kama amekubali. Mtu aliyelelewa na habari hizo akiona barua yenye kichwa cha Leta, mkono unaenda kwenye kitambaa cha pesa peke yake.

Mimi nilikataa, na tuligombana kweli. Nilisema: nusu hiyo haina risiti, kwa hiyo mwaka kesho barua itarudi na kusema 2021 bado haijalipwa. Pesa ya kodi inawekwa benki kwenye konti ya Leta, haiwekwi mkononi mwa mtu. Na zaidi ya hayo, sisi tumekwisha kulipa! Ukilipa mara ya pili kitu ulichokwisha kulipa, umesema kwa mkono wako kwamba mara ya kwanza hukulipa. Mama mkubwa alinyamaza, halafu akaniambia: "Basi andika wewe uliyesoma ISP. Lakini mashine zikifungiwa, wewe ndiye utakayewaeleza wamama wa AVEC." Usiku ule sikulala vizuri.

Niliandika ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, bila maneno makali. Nilieleza tarehe ya malipo, namba ya bordero, namba ya kodi, siku tuliyoacha kopi. Halafu maombi: malipo yaandikwe kwa tarehe yake ya kweli, malipizi yafutwe, na mlango usifungwe wakati jambo linachunguzwa. Nilitaja sheria ya tarehe 13 Machi 2003 juu ya taratibu za kodi, inayompa mlipaji haki ya kupinga kwa maandishi. Nilitaja pia kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006. Kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa Leta, nao wajibu kwa miezi mitatu, na hakuna atakayeshitakiwa kwa sababu ya kuomba. Sikuwaza kwamba kifungu kitawatisha. Nilikitaja ili wajue kwamba barua hii imeandikwa na mtu anayehesabu siku.

Bordero yenyewe ilikuwa imeanza kufifia. Zile karatasi laini za mashine ya benki hupoteza wino kwa jua na joto la mfukoni, kwa hiyo wamama, siku ile ile ya kulipa fanyeni fotokopi na mpige picha kwa simu. Yetu ilikuwa ndani ya Biblia ya mama mkubwa, na panya walikuwa wamekula pembe moja ya kitabu bila kuifikia. Kwenye benki waliangalia mashine yao, wakatupatia karatasi nyingine yenye muhuri: pesa iliingia kwenye konti tarehe 20 Mei, siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Leta ilikuwa imekula. Ni vitabu vyake tu ambavyo havikujua.

Kuipokelesha barua ilikuwa vita nyingine. Kijana wa mlangoni alisema niiache tu mezani. Nilimwomba aweke muhuri na tarehe kwenye kopi yangu. Akasema mwenye muhuri ametoka. Nikasema nitangoja. Mwalimu wa Congo anajua kungoja, tumefundishwa na foleni za mishahara. Saa nane mchana mwenye muhuri alirudi. Kopi hiyo yenye tarehe ndiyo tuliyobandika nyuma ya mlango wa atelie, na siku kumi na tano zilipotimia, yule kijana wa kwanza alikuja, akaisoma, akaenda zake.

Safari ya tatu, katikati ya mwezi wa tisa, tulikutana na mama mmoja wa makamo anayetunza dosie. Hakutuahidi kitu. Aliuliza swali moja tu: "Namba hii ni ya nani?" Mama mkubwa akajibu: "Ya marehemu bwana yangu." Yule mama akainuka, akavuta katoni kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na kopi za malipo ya mwezi wa tano ambayo jina la mlipaji halikufanana na jina la kitabu. Siku zile za kukimbia hakuna aliyepata nafasi ya kuyafuatilia, na waliporudi yalibaki pale. Kopi yetu ilikuwemo, na juu yake alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi. Sikuhesabu nyingine, lakini rundo lilikuwa nene, na majina niliyoyaona juu juu mengi yalikuwa ya wanawake.

Ili kulimaliza kabisa walitaka cheti cha kifo, karatasi ya shefu wa kartie, na karte ya uchaguzi ya mama mkubwa. Hapo ndipo jambo la kodi likageuka jambo la familia. Cheti cha kifo kilikuwa kwa shemeji yake. Shemeji alikataa kukitoa. Alisikia kwamba jina la kaka yake linaondolewa kwenye vitabu vya Leta, akawaza kwamba kesho ni parsele, keshokutwa ni shamba. Na mimi simlaumu moja kwa moja, maana Rutshuru wangapi wamepoteza udongo kwa karatasi wasiyoisoma? Lakini mama mkubwa alilia siku hiyo kuliko siku ya barua. Miaka ishirini na mbili katika ukoo, akaonekana mwizi.

Tulikaa na wazee Jumapili mchana. Nilisoma karatasi zote kwa sauti, nikizitafsiri kwa Kiswahili na mzee mmoja akirudilia kwa Kinyabwisha. Nilieleza kwamba anayeandikwa kwenye kitabu cha kodi ya biashara anaandikwa kama mdaiwa, hapewi udongo wala nyumba. Mzee mmoja akamuuliza shemeji: "Wewe unataka kuwa ndiye anayedaiwa?" Watu walicheka, naye akacheka mwishowe. Alitoa fotokopi, cheti chenyewe akabaki nacho. Ilitosha.

Jumatatu tarehe 27 Septemba tulipokea majibu: malipo yametambuliwa kwa tarehe ya 20 Mei, malipizi yamefutwa, na namba imeandikwa kwa jina jipya. Mama mkubwa alisoma jina lake polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu huwa wanalikosea. Safari hii hawakulikosea. Aliniuliza kama mwaka ujao barua itakuja kwa jina hilo. Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi sasa wanijue."

Iniforme zilikuwa tayari kabla ya tarehe 4 Oktoba. Siku hiyo watoto walijitokeza wameng'aa, bluu na nyeupe, wakakuta sisi walimu wengi tumeanza mgomo nchi nzima kwa ajili ya mishahara yetu. Wakarudi nyumbani na mashati mapya wakayachezea mpira. Wazazi wengine waliokuwa hawajamaliza kulipa walisema watalipa masomo yakianza kweli, kwa hiyo mkopo wa AVEC ulirudishwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja badala ya mwezi wa kumi, na faini ya kuchelewa juu yake. Hiyo mama mkubwa alilipa bila kupinga, na mweka hazina akamwandikia risiti pale pale.