Lenzi ya Mrusi, fangasi, na mlima uliokataa kutokea

Najua nimepotea wiki mbili, msinirushie mawe. Ni masomo na mvua. Huku chini ya Meru masika ya mwaka huu hayana mzaha, nguo nilizofua Jumapili bado zinanuka ubichi mpaka leo. Lakini leo sina habari za nguo. Nina habari za lenzi.

Mnaonifahamu mnajua kamera yangu ndiyo inayonitoa bumu likikata. Kipaimara, mahafali, bethidei za watoto, mimi nipo. Sasa mwezi wa pili nikaiangusha kwenye sherehe moja kule Leganga, kamera ikapona, lenzi ikafa. Tangu hapo nimekuwa nabeba Canon isiyo na jicho. Na nimemuahidi mama kwamba godoro na tranka la dogo anayeingia kidato cha tano Julai ni juu yangu. Kwenye simu nilikuwa na 95,000, na mwezi ulikuwa bado mrefu. Picha kamili ndiyo hiyo.

Basi bwana, Jumanne nikapanda Hiace mpaka mjini, kisha kifodi mpaka Sakina, nikaenda kwa mama mmoja niliyeelekezwa. Marehemu mumewe alikuwa na studio karibu na Soko Kuu enzi za filamu. Nikamwamkia, akaniuliza kwetu wapi, akanipa chai, ndipo akatoa mkoba wa ngozi uliokakamaa. Ndani kulikuwa na lenzi ya chuma, nzito kama jiwe la kuzuia mlango. Helios 44-2, milimita 58, f/2, iliyotengenezwa Urusi ya zamani kwa ajili ya kamera za Zenit. Namba yake inaanza na 76. Kwa lenzi nyingi za kiwanda kile cha Krasnogorsk, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka. Yaani 1976, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza bado ina makao yake hapa hapa Arusha, haijavunjika (ilivunjika 1977). Chuma hiki ni shikamoo kabisa!

"Elfu sabini, mwanangu," akasema. "Ila sitaki uje unilaumu. Kaa nayo mpaka Jumamosi. Ikikufaa lete hela, isipokufaa irudishe, hakuna ubaya."

Jamani, hakunidai hata kitambulisho. Nikarudi chuoni na mali ya mjane kwenye begi na siku nne za kuamua.

Usiku ule nikafanya ukaguzi. Nawaandikia hapa maana najua kuna watu humu wananunua vitu vya mitumba kwa kuangalia ganda tu. Kwa nje ilikuwa imechubuka, rangi nyeusi imetoka na chuma kinaonekana. Hiyo haina shida, chuma hakipigi picha. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kwa mbele, nikachungulia kwa nyuma nikiwa nimeinamisha kidogo ili mwanga usinipige jicho.

Kwanza vumbi. Lipo, punje punje, ila vumbi la ndani kidogo halionekani kwenye picha kabisa. Pili mikwaruzo. Kioo cha mbele kina mistari myembamba kama ya mtu aliyefuta kwa pindo la shati miaka ishirini. Si nzuri, ila si msiba. Kioo cha nyuma ndicho cha kuogopa, kwa sababu mkwaruzo wa nyuma unaharibu picha kuliko wa mbele. Kilikuwa safi. Tatu, vile vibati vinane vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga vilikuwa na mafuta yanayong'aa. Kwenye lenzi zinazojifunga zenyewe unapobofya, mafuta ni ugonjwa, vibati vinanata na kuchelewa. Hii unaifunga kwa mkono kabla ya kupiga, kwa hiyo mafuta nayo nikayasamehe, ilimradi vibati visinate.

Nne ndiyo iliyonikata maini. Pembeni ya kioo kimoja cha ndani niliona nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa kama mizizi ya mche. Fangasi. Mnaokaa huku kwenye ukungu mnaijua. Inapenda giza, unyevu na hewa iliyotulia, na mkoba wa ngozi ndani ya kabati unaipa vyote vitatu. Ikikaa muda mrefu inatoa asidi inayokula ule utando wa rangi ulio juu ya kioo, na hapo hata ukisafisha, alama inabaki.

Roommate wangu, chalii wa Ngarenaro, biashara iko damuni, akaangalia akacheka. "Oyaa, hiyo ndiyo silaha yako. Mwambie imeoza, mpe thelathini. Atajuaje?"

Sikumjibu. Nitasema ukweli, nilipiga hesabu. 95 toa 30 ni 65, na godoro la dogo linapatikana. Nililala na hesabu hiyo.

Jumatano nikaifunga kwa ile adapta niliyoagiza Dar mwezi wa tatu na kuanza kupiga. Nikapiga washikaji kafeteria, nikapiga miti, nikapiga mlinzi wa geti. Zote zimefifia! Pua ya mtu iko vizuri, macho yamepotea. Nikasema basi, imekufa, na moyoni nikafurahi kidogo maana sasa 30 ilikuwa haki yangu. Mnaona ubaya wa binadamu?

Alhamisi tulikuwa na kipindi cha Upimaji na Tathmini. Mwalimu akarudia yale yale ambayo huwa tunayakariri kwa ajili ya mtihani: jaribio halali ni lile linalopima kile ulichokusudia kupima. Mtoto akifeli hesabu kwa sababu hakuelewa Kiswahili cha swali, hujapima hesabu. Nikaacha kuandika. Jana yake nilikuwa nimepima nini? Lenzi haina fokasi ya yenyewe, unazungusha kwa mkono. Nilipiga kwenye f/2, ambapo sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba kama unene wa kidole, kwa mkono unaotetemeka, kwenye kijidirisha kidogo, mlinzi naye anacheka na kuyumba. Nilipima mkono wangu, halafu nikaifelisha lenzi.

Jioni nikarudia kama mtu mwenye akili. Kamera juu ya rundo la vitabu, gazeti nimelibandika ukutani, nikakuza picha kwenye skrini mara kumi na kuzungusha pole pole mpaka herufi zikakaa sawa, kisha nikaweka saa ya sekunde mbili ili nisiiguse wakati inapiga. Katikati herufi zote zinasomeka, hata kwenye f/2. Nilipoifunga mpaka f/8 na pembeni pakakaa vizuri. Lenzi nzima. Aliyefeli alikuwa mtahini.

Likabaki swali la mbali. Lenzi ambayo mtu ameifungua na kuirudisha vibaya inaweza kupiga ya karibu vizuri na ikashindwa kufika mbali kabisa. Na ya kwangu ilionekana imefunguliwa, skrubu moja ina alama za bisibisi. Kipimo rahisi kwa mtu wa huku ni mlima wenyewe. Zaidi ya mita 4,500 za mwamba, utafute kingo za kilele uone kama zinakaa. Lakini Meru ikakataa. Alhamisi wingu, Ijumaa wingu mpaka chini kwenye migomba. Ijumaa jioni jua likachomoza dakika chache upande wa mjini, nikalipiga mimi na roommate likiwa nyuma yake. Hapo fangasi ikajitambulisha. Picha nzima ikawa nyeupe nyeupe kama imepigwa kupitia neti, nywele zake nyeusi zimekuwa kijivu. Tulipogeuka, jua likiwa mgongoni kwangu, ikarudi safi, na nyuma yake majani yakajizungusha kama maji kwenye sinki, ule uchawi ambao watu wanaitafutia Helios.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikatoka nje na blanketi, na mlima ulikuwa wazi wote! Nikapiga tatu kabla wingu halijarudi. Kilele kimekaa, kingo kali kama wembe.

Kwa hiyo nikaenda Sakina nikiwa najua kila kitu, jambo ambalo ni gumu kuliko kutojua. Nikamwamkia mama, nikakaa, nikawasha tochi nikamwonyesha zile nyuzi. Nikamwonyesha picha ya jua iliyoharibika, na ya mlima iliyokaa. Nikasema, "Mama, ina ugonjwa, ila haijafa. Kwa sura za watu ni nzuri. Kuelekea jua haiwezi."

Akaiangalia ile ya jua muda. "Baba yao alikuwa anawaweka watu jua liwe mgongoni kwake. Nilidhani ni kwa ajili ya macho ya wateja." Akanyamaza. "Fundi wa kuisafisha anachukua ngapi?"

Nikamwambia bei niliyotajiwa mjini, 15,000, bila uhakika kwamba alama itatoka. Akatoa kumi na tano kwenye sabini mwenyewe, sikuomba. Hamsini na tano. Nikalipa palepale.

Roommate anasema nimepigwa. Labda. Nimebaki na arobaini bila nauli, godoro bado liko dukani, na Jumapili ijayo nina kipaimara Usa River ambako nitapanga watu kwa kufuata jua kama mzee yule. Mkoba wa ngozi nimemwachia mama. Lenzi inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mgumu, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu nilivyookota kwenye maboksi ya viatu.

Ila kinachonisumbua zaidi ni mlinzi wa geti. Julai naenda mazoezi ya kufundisha, nitapewa darasa la watu sitini. Kama nilikuwa tayari kuifelisha lenzi ya watu siku ya kwanza, tena kwa furaha kwa sababu kufeli kwake kulinifaa, itakuwaje kwa mtoto anayenikera?

Ni hayo tu kwa leo, ngoja nirudi kwenye desa. Mwenye kipaimara ajitokeze, bei ni ya kirafiki. Ila jua nachagua mimi.