Gurudumu la akiba si mzigo

Sisi wenye gari la haibridi, linalotumia esansi na umeme pamoja, tunashukuru: esansi inadumu. Lakini tuna lalamiko moja. Mengi ya magari haya yanatoka kiwandani bila gurudumu la akiba. Betri kubwa inakula nafasi, na badala yake tunapewa kichupa cha dawa ya kuziba na pampu ndogo.

Dawa hiyo inaziba tundu la msumari. Mpira ukipasuka ubavuni, haisaidii kitu. Kwenye njia ya Lubumbashi kwenda Likasi, jua linazama na watoto wako ndani, tutafanya nini?

Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997. Tangu hapo, watengenezaji wamepata muda wa kutosha kufikiria na barabara zetu.

Tukiwangojea, kabla ya kununua fungueni nyuma, mutazame. Gurudumu likikosekana, tafuteni la kipimo kilekile, pamoja na jeki na ufunguo wake, mulifunge vizuri. Na kama kuna tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma, musilizibe na mifuko: linapoza betri.

Akiba haiozi.