Kutoka Shinyanga Hata Geita: Nyumba Iliyochorwa kwa Majivu

Wasomaji wengi wamesikia habari za Geita kwa ajili ya dhahabu yake, na habari za Shinyanga kwa ajili ya almasi, pamba na ng'ombe. Mimi nataka kuwapa habari za nchi hizo kwa upande wa nyumba, maana nilisafiri huko pamoja na kijana aliyeitwa kwenda kuchora nyumba. Katika safari hiyo nilijifunza jambo ambalo sikulijua, ingawa nimejenga mara mbili kwa mikono yangu.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu. Amesoma chuoni kazi ya kuchora ramani za majengo na kupanga vyumba vyake, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Aliyemwita ni baba yake mdogo, mchimbaji mdogo wa dhahabu katika kijiji kimoja cha Geita, ambaye baada ya miaka mingi ya kuchimba na kukosa, alipata. Dada yangu akaniambia, "Kaka, nenda naye. Fedha za dhahabu zina maneno mengi, na mtoto bado mgeni wa kazi." Basi tukaondoka Shinyanga alfajiri kwa basi.

Barabara ya Mwanza hupita Maganzo, karibu na Mwadui, mahali ambapo mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940. Kisha ni mbuga, mashamba na miji ya watu. Zamani mji wa Msukuma ulizungushiwa ua wa minyaa, na ndani yake zilisimama nyumba za msonge, za miti, udongo na nyasi. Siku hizi misonge imebaki michache; nyumba nyingi ni za matofali na mabati. Hatuna sababu ya kuwalaumu wenye bati, kwa kuwa nyasi huliwa na mchwa, hushika moto, na kuezeka upya kunachosha. Lakini bati bila dari, saa nane ya mchana, kila mkaaji wa Shinyanga analijua.

Njia nzima kijana alinionyesha katika simu yake picha ya nyumba aliyokusudia kumjengea baba yake mdogo. Mbele ilikuwa na nguzo sita, vioo vyeusi na ngazi za vigae. "Mjomba," akasema, "mtu akipita barabarani lazima asimame." Sikumjibu neno.

Tulipofika Usagara hatukushika mara moja njia ya Geita. Nilimwomba tupite kwanza Kisesa, tukaone Bujora. Hapo katika miaka ya 1950 alifanya kazi Padre David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Alijifunza lugha, nyimbo na ngoma za Wasukuma, akishirikiana na Wakristo wa chama kilichoitwa Bana Cecilia, yaani watoto wa Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kanisa la Bujora ni la mviringo kama nyumba ya kwetu, na alama za enzi za watemi zimetumika kumheshimu Kristo Mfalme. Karibu yake yapo makumbusho ya Wasukuma, na jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Hapo pia, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, hufanyika Bulabo, ambapo wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana mbele ya umati wa watu.

Kijana alilizunguka kanisa mara mbili akihesabu hatua. Akaingia, akaketi nyuma muda mrefu. Alipotoka alisema, "Mjomba, mtu wa hapa akiingia humu, haulizi heshima imewekwa wapi. Anaijua tangu nyumbani kwao." Nikamwambia, "Ni kwa sababu aliyejenga alianza kwa kuwajua watu." Tangu hapo simu ikakaa mfukoni.

Kutoka Kigongo kwenda Busisi watu walizoea kungoja kivuko kwa saa nyingi. Sasa lipo daraja la Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025, na tulivuka ziwa kwa dakika chache. Tukapita Sengerema, tukaingia Geita, ambayo ni mkoa tangu mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mpya ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini nje ya migodi mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, wenye mashimo yao, na mialo yao ya kusagia na kuoshea mawe. Mmoja wao ndiye shemeji yetu.

Tulipokewa vizuri sana. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na jiko la miti na udongo kando yake. Walikuwamo mkewe mwenye mtoto mchanga mgongoni, watoto wengine wanne, na mama yake mzee ambaye macho yamepungua nguvu na hutembea kwa fimbo. Baada ya chakula shemeji akataja matakwa yake: nguzo sita kama za picha aliyotumiwa, sebule kubwa, na chumba kidogo kando ya jiko. "Hicho ni cha kazi," akasema.

Asubuhi yake kijana aliomba ruhusa ya kukaa jikoni. Mama mdogo alicheka, maana kwetu mwanamume haketi jikoni. Lakini alikaa, tangu uji wa asubuhi hata ugali wa jioni. Akaona jinsi moshi unavyomwagika machoni mwa mtoto, na jinsi magunia ya mahindi yanavyoloa mvua ikinyesha kwa upepo. Tena, juu ya kichanja, katikati ya sufuria, aliona kikaango kidogo cheusi kisichofanana na vyombo vingine. Akauliza. Mama mdogo akapunguza sauti: "Hicho ni cha baba yenu. Usiku huchomea dhahabu."

Hapa niwaeleze wasiojua. Mchimbaji mdogo huchanganya unga wa mawe na zebaki, nayo zebaki huikamata dhahabu ikawa donge. Kisha donge huchomwa motoni. Zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke ule hauonekani vizuri wala haunuki kama moshi, lakini huingia kifuani, hukaa kutani na vyomboni, na hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo na yule aliye bado tumboni. Watu wa Minamata, huko Japani, waliteswa na zebaki ya kiwanda iliyoingia katika samaki wao. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mkataba wa kuipunguza, na Tanzania iliuingia mwaka 2020.

Siku ya pili kijana alizoa majivu ya jiko lile lile, akachora nyumba nzima uani kwa ukubwa wake halisi, kila ukuta na kila mlango. Kisha akamshika bibi yake mkono, akamwomba aingie. Bibi aliingia kwa fimbo yake. Alipofika kwenye ngazi za vigae akasimama. "Hapa nitaanguka." Ngazi zikafutwa kwa mguu, pakawekwa mteremko. "Na usiku nitatokea wapi?" Chumba chake kikahamishwa karibu na mlango wa choo. Mama mdogo akaonyesha pa ghala, na pa kupitisha kuni asipite sebuleni. Upande mrefu wa nyumba ukageuzwa utazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Madirisha yakaelekeana upepo upite, jiko likapata bomba la moshi, na pembeni pakawekwa duara la tangi la maji ya mvua.

Shemeji alikuwa akitazama. Mwisho akauliza, "Mbona sioni chumba changu cha kazi?"

"Baba mdogo, chumba hicho sitakichora."

"Wewe umeitwa kuchora. Hukuitwa kunifundisha kazi iliyonipa fedha za kukulipa."

Kijana alitetemeka, nilimwona. Lakini alijibu kwa adabu, "Naweza kuongeza dirisha, naweza kuinua dari. Lakini siujui ukuta wa kuzuia mvuke ule usimfikie mtoto aliyelala chumba cha pili. Kama ni lazima kiwepo, nitarudi Shinyanga bila malipo."

Kimya kikaingia. Bibi alikuwa bado amesimama ndani ya majivu. Akasema, "Mwanangu, kule shimoni huteremki kabla hujauliza ni nani amefunga matimba ya kuzuia kuta. Hapa tunalala sisi. Sisi nani ametufungia?"

Shemeji aliondoka bila neno. Alirudi jioni, akakichukua kile kikaango mwenyewe, akasema atakipeleka mwaloni, mbali na nyumba za watu, na kwamba atashauriana na wenzake wanunue chombo cha kuchomea kinachofunikwa na kuukamata mvuke. Akakubali pia kumpeleka mkewe na mtoto hospitali wakatazamwe, maana nyumba mpya haiondoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Kisha akasema, "Lakini nguzo mbili siziachi." Tukacheka wote, na nguzo mbili zikachorwa.

Nami niliyejenga mara mbili nilikumbuka kwamba sikumwuliza mke wangu hata mara moja.

Basi, baba wa familia, Mungu akikujalia kujenga, hata kama ni vyumba viwili vya udongo, kabla ya kumwita mwashi chota majivu. Chora uani, uwaite mkeo, mama yako na watoto, watembee humo. Wakikuambia hapa tutaanguka, futa kwa mguu. Ni kazi ya dakika moja. Ukuta wa matofali haufutiki hivyo.