Jagi la Ndimu na Nanaa, na Sukari Kando



Joto la kaskazi limetukalia, na kila nyumba hapa pwani inatafuta cha kupoza koo. Juma hili tumeyaweka kando masuala ya mirathi na talaka ambayo aghalabu huletewa, tukachagua jambo dogo la jikoni: sharubati ya ndimu na nanaa. Vijana wetu huiita mojito, na wazazi kadhaa wametuuliza iwapo yafaa kuinywa. Jibu la swali hilo ni fupi. Nyuma yake lipo swali jingine ambalo hatuulizwi, nalo lina uzito zaidi.

Tuanze na la jina. Mojito asili yake ni Cuba, na huko huchanganywa ndimu, nanaa, sukari, maji ya gesi na pombe kali ya miwa. Pombe hiyo ndiyo iliyokiharamisha kinywaji kile. Isipotiwa tangu mwanzo, kinachobaki ni tunda, majani na maji, navyo ni halali. Wanazuoni wetu wametufunza kwamba kinachotazamwa ni hakika ya kitu, wala si jina lake. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kwamba watakuwapo watu watakaokunywa pombe na kuiita kwa jina jingine. Kama ambavyo jina zuri haliisafishi pombe, jina geni haliinajisi ndimu.

Pamoja na hayo, twaona ni vyema kumzoesha mtoto jina letu. Watu wa Sham na Misri hukiita kinywaji hiki kwa vitu vyake, limau na nanaa, nasi tuna neno sharubati. Kijana aliyezoea kuagiza mojito kila mahali, siku akiwa ugenini ataletewa pamoja na pombe yake, na yamkini asitambue mpaka ameshaionja.

Sasa tuingie jikoni. Kwa jagi la watu wanane, chukua ndimu sita zenye ngozi nyororo, nanaa ya kujaza kiganja, na maji baridi lita moja na nusu. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, na barafu iwe imetokana na maji ya namna hiyo hiyo. Wengi huchemsha maji ya jagi kisha wakanunua barafu wasiyojua imegandishwa kwa maji gani. Baridi haiui vijidudu, na ndimu haitegemewi kwa kazi hiyo.

Osha ndimu, uziviringishe mezani kwa kiganja mpaka zilainike, kisha uzikate na kuzikamua kwa mkono. Usizikandamize mno, kwani uchungu hutoka katika ngozi na nyama yake nyeupe. Chuja kokwa. Nanaa nayo ioshwe, majani yachambuliwe, yaguswe kwa mchi mara tano au sita tu, mpaka harufu ipande. Ukiyaponda yakawa uji, sharubati itakuwa chungu na rangi yake itafifia. Wala usitumie kinu cha kitunguu thomu, maana harufu ya thomu haikubali kufichwa. Changanya vyote katika jagi la kioo, tia chembe ya chumvi, funika, uache robo saa mahali pa baridi. Sufuria ya alumini haifai, kwa sababu ukali wa ndimu huila. Ukimaliza kukamua, nawa mikono vizuri kabla ya kutoka juani, kwani maji ya ndimu yakipigwa na jua huweza kuichoma ngozi na kuiachia mabaka.

Nanaa si lazima kwenda Marikiti kila siku. Chukua vishina viwili vya lile fungu ulilonunua, uvitie katika bilauri ya maji, na baada ya siku kadhaa vitatoa mizizi. Vipande katika kopo tupu la samli lililotobolewa chini, mahali penye kivuli cha mchana. Nyumbani kwetu mama watoto ameliweka kopo hilo karibu na pahala pa kutilia udhu, na maji yanayodondoka ndiyo yanayoinywesha nanaa.

Msomaji ameona kwamba hatujataja sukari. Hatukusahau.

Dada yetu mkubwa, aliyetulea baada ya mama kufariki, ameishi na ugonjwa wa sukari kwa miaka 14. Mwaka juzi alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nyumbani kwake anajilinda vizuri, chai yake haina sukari na mikate ya mofa anaihesabu. Humshinda siku ya Idi na siku za harusi. Tulipomuuliza kwa nini hakatai, alitujibu, "Mdogo wangu, mtu ameniletea sinia mpaka nilipoketi, ananiangalia usoni mbele ya watu. Nimwambie nini? Nimtangazie maradhi yangu?" Idi iliyopita alizuru nyumba tano, na katika kila nyumba alikunywa bilauri moja tu. Bilauri ya sharubati yetu aghalabu hutiwa vijiko vinne vya chai vya sukari. Hivyo vilikuwa vijiko 20 kabla ya adhuhuri, na kila mwenyeji aliamini amemkirimu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limesema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko sita hivi vya chai. Hicho ni kipimo cha mtu mwenye siha. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola peke yake hubeba takriban gramu 30.

Hatusemi utamu ni aibu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikipenda kinywaji kitamu na baridi. Tunalosema ni kwamba kumkirimu mgeni ni kumpa nafasi ya kuchagua bila kufedheheka. Sheria yetu imekataza madhara, na karamu haikuvuliwa katika katazo hilo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: jagi lije mezani bila sukari, na sukari iletwe kando. Yeyusha sukari kikombe kimoja katika nusu kikombe cha maji ya moto, uipoze, uitie katika kibakuli chenye kijiko. Kila mtu ajitilie apendavyo, kama tufanyavyo kwa chai. Hapo asiyetia hana la kueleza, wala hakuna wa kumuuliza. Kwa atakayekunywa bila sukari, punguza ukali kwa kumwongezea maji na jani la nanaa. Kibakuli kisiwe mbali naye, kwa kuwa mgonjwa anayetumia insulini huweza pia kushukiwa na sukari ghafla, na saa hiyo sukari ndiyo dawa yake. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia naye awekewe maji matupu bila kuulizwa maswali, kwani ndimu na nanaa huenda zikamsumbua.

Tumelijaribu jambo hili nyumbani kwetu tangu Shaaban. Watoto walinung'unika siku mbili, kisha vijiko vyao vikapungua vyenyewe. Dada alipotuzuru alijimiminia mwenyewe, akaongeza ya pili, na hakuna aliyemtazama.

Zilizobaki ni adabu tunazozijua sote: kuanza kwa Bismillahi, kunywa kwa mkono wa kulia na kwa pumzi tatu, kuzungusha jagi kuanzia kuliani, na mgawaji kunywa mwisho. Huyo mgawaji anayekunywa mwisho ndiye aliyewaangalia wote. Basi na awaangalie pia wale ambao hawawezi kusema.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie wenyeji wanaofikiwa kwa raha. Amin.